Pareto Safi na Pareto Iliyoghushiwa: Jinsi Mkemia Anavyozitambua

Katika skimu za makazi za nyanda za juu, kama vile Kinangop, Ol Kalou na Molo, lalamiko moja husikika kila mara siku ya malipo ya pareto. Majirani wawili walipeleka maua ya uzito uleule, siku ileile, kwenye kituo kilekile. Mmoja amelipwa vizuri, mwingine amelipwa kidogo. Huyu wa pili husema mizani ina hila, au karani ana upendeleo. Pengine ni kweli, maana makarani nao ni wanadamu. Lakini pale ambapo mnunuzi hulipa kwa nguvu ya dawa, mara nyingi sababu haiko kwenye mizani. Imo ndani ya gunia, na aliyeiona ni mkemia.

Yafaa basi kila mkulima ajue mkemia huyo anatafuta nini, anakitafutaje, na anawezaje kumtenganisha mwenye maua dhaifu na mwenye maua yaliyoghushiwa. Hawa wawili si sawa, na si haki mmoja abebe lawama ya mwenziwe.

DAWA IKO WAPI KATIKA UA?

Mnunuzi hanunui ua kwa uzuri wake. Anataka ile dawa ya kuua wadudu iliyomo ndani, iitwayo pirethrini. Katika maua makavu mazuri dawa hii ni kidogo sana: kilo 100 za maua huwa na kilo 1 hadi 2 tu za pirethrini. Zilizobaki ni majani makavu ambayo kiwanda hakina haja nayo.

Tena dawa hii haikuenea sawasawa katika mmea. Chukua ua moja, ulipasue kwa kidole. Yale majani meupe ya pembeni yana dawa kidogo. Bua lina kidogo mno. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za dawa yote zimo katika vile vijimbegu vidogo vilivyoshikana katikati, chini ya ile sehemu ya manjano. Ndiyo sababu mabwana shamba husema kila siku kwamba ua lichumwe bila bua, wala lisichumwe likiwa bado tumba. Si kwamba wanapenda kusumbua watu. Bua lina uzito lakini halina dawa, na tumba halijajaza vijimbegu vyake.

Kiwandani maua husagwa, kisha huloweshwa katika kimiminiko chepesi cha jamii ya petroli, kama heksani. Kimiminiko hiki huivuta dawa kutoka katika unga. Kikishavukizwa, hubaki mafuta mazito ya rangi nyeusi au kahawia. Mafuta hayo husafishwa hata yakawa ya rangi ya manjano hafifu, nayo ndiyo yanayouzwa nchi za nje kutengenezea dawa za kupulizia. Kughushi kwaweza kutokea mahali pawili: katika maua yaliyo mikononi mwetu wakulima, na katika mafuta yaliyo mikononi mwa wafanya biashara. Tutaanza na maua.

UONGO WA ZAMANI

Kuchanganya pareto hakukuanza Kenya. Katika karne ya 19 unga wa pareto kutoka Uajemi na pwani ya Dalmatia uliuzwa sana Ulaya na Marekani kwa ajili ya kunguni na viroboto. Kwa kuwa unga ni unga tu machoni pa mnunuzi, wachuuzi walitia mabua yaliyosagwa, na maua mengine yanayofanana na pareto lakini yasiyo na dawa yoyote. Rangi ikipauka, walitia manjano ya bizari ili ipendeze. Udanganyifu katika dawa za wadudu ulizidi hata Marekani ikatunga sheria ya kuukataza mwaka 1910.

Siku hizo chombo kikubwa cha mpelelezi kilikuwa darubini. Chembe za bua hazifanani na chembe za ua, na hata likisagwa vipi, mwenye jicho lililozoea hulitambua. Darubini ingali inatumika. Lakini darubini haisemi dawa ni kiasi gani, na mnunuzi anataka hesabu.

KINACHOTENDEKA BAADA YA MIZANI

Kwanza huchukuliwa sampuli. Mtu haingizi mkono juu ya gunia akachota, maana kila mtu anajua maua mazuri huwekwa juu. Hutumia bambo, ule mrija wa chuma uliochongoka, akauchoma juu, katikati na chini ya gunia. Akiwa na magunia mengi huchoma kadhaa, kisha huchanganya yote pamoja na kugawa mpaka apate kiasi kidogo kinachosema kwa niaba ya mzigo wote. Sampuli ikichukuliwa vibaya, kazi yote inayofuata ni bure, hata chombo kiwe cha thamani gani. Kama unataka kulalamika, hapa ndipo mahali pa kusimama na kutazama kwa macho yako mwenyewe.

Katika maabara jambo la kwanza ni maji. Sampuli hupimwa uzito, hukaushwa katika joko, kisha hupimwa tena. Maua yaliyokauka vema yana maji kama sehemu 10 katika 100. Tuseme mtu ana kilo 100 za maua ya namna hiyo. Jioni anayanyunyizia maji kidogo ili asubuhi yawe mazito, mpaka maji yafike sehemu 20 katika 100. Mizani itasoma kilo 112 na nusu. Amejipatia kilo 12 na nusu kwa ndoo moja ya maji! Lakini mkemia huhesabu dawa kwa uzito wa maua yakiwa makavu kabisa, na joko limekwisha kusema yote. Isitoshe, maua yenye maji hupata moto guniani, huota ukungu, na dawa huharibika njiani.

Jambo la pili ni majivu. Sampuli huchomwa katika tanuru mpaka libaki jivu jeupe. Kila mmea una jivu lake kwa kiasi kinachojulikana. Mchanga na udongo hauungui, kwa hiyo mtu aliyetia udongo, au aliyeanika maua chini uani akayafagia pamoja na vumbi, jivu lake litazidi. Kisha jivu hutiwa asidi kali. Jivu la mmea huyeyuka karibu lote, lakini mchanga hukaa palepale chini ya chupa.

Ndipo huja kipimo kikubwa, cha dawa yenyewe. Kwa miaka mingi kilifanywa kwa njia ya zebaki. Maua husagwa, dawa huvutwa kwa kimiminiko, kisha huchemshwa na magadi makali. Magadi huivunja pirethrini vipande viwili, na kipande kimoja ni asidi ya namna yake. Asidi hii hukutanishwa na maji yenye zebaki, na kwa kupima zebaki iliyobadilika mkemia hujua asidi ilikuwa kiasi gani, na kutokana na asidi hujua dawa. Ni njia nzuri, imelipa wakulima wengi, ila ina kasoro mbili. Zebaki ni sumu kwa mfanya kazi na kwa mto unaopokea maji machafu. Kasoro ya pili tutaiona mbele, maana walaghai waliweza kuitumia.

HESABU YA MABUA

Wengine husema, "Nikitia mabua kidogo nani atajua?" Tufanye hesabu. Una kilo 100 za maua yenye dawa 1.5 kwa mia, yaani kilo moja na nusu ya pirethrini. Unatia kilo 20 za mabua. Sasa una kilo 120, lakini pirethrini ni ileile kilo moja na nusu, kwa kuwa mabua hayana dawa ya kuhesabika. Kipimo kitasoma 1.25 kwa mia. Kama unalipwa kwa pirethrini, hukupata hata senti moja zaidi. Umebeba mabua bure, umelipa gari bure, na pengine mzigo utakataliwa kwa kuwa nguvu yake imeshuka chini ya kile kiwango ambacho mnunuzi amekiweka.

Ubaya hasa huingia pale maua ya wengi yanapomwagwa pamoja na kupimwa kwa mara moja. Watu 10 wa chama kimoja wanaleta kilo 10 kila mmoja. Tisa wana maua ya 1.5 kwa mia, yaani gramu 150 za dawa kila mtu. Wa kumi ametia mabua, na kilo zake 10 zina gramu 80 tu. Jumla ni gramu 1,430. Malipo yakigawanywa sawasawa kwa kilo, kila mmoja anahesabiwa gramu 143. Wale tisa wamenyang'anywa gramu 7 kila mmoja, na yule mmoja amepewa 63 asizozilima. Hakuna aliyemwona akiiba, wala hakuna anayeumia sana kwa siku moja. Lakini mwezi ujao mmoja wa wale tisa atasema, "Kwa nini nijisumbue kukata mabua?" Chama hufa hivyo hivyo polepole.

Kwa maoni yetu, chama kinachoweza kupima mzigo wa kila mwanachama peke yake, au hata wa kikundi kidogo cha majirani wanaojuana, kifanye hivyo, ijapokuwa gharama ya upimaji itapanda.

DHAIFU SI LAZIMA KUWA MWIZI

Hapa tunaomba makarani na wenyeviti wa vyama wasikilize. Kipimo kikisoma dawa kidogo, hakisemi kwamba mkulima amedanganya. Maua yaliyochumwa mapema mno yana dawa kidogo. Yaliyoachwa shambani yakazeeka, vijimbegu vikaanza kupukutika, hupungukiwa pia. Pirethrini huharibiwa na mwanga, basi maua yaliyoachwa juani siku nyingi baada ya kukauka hupoteza nguvu. Yaliyokaa ghalani miezi mingi hupungua vilevile, na yakiwa yamesagwa hupungua upesi zaidi. Hata miche yenyewe hutofautiana: shamba lililopandwa vipando vya aina bora vyaweza kupita shamba la jirani, ingawa mvua na udongo ni ule ule.

Mkemia mwangalifu hutenganisha mambo haya kwa kutazama vipimo vyote pamoja. Dawa imepungua, maji ni ya kawaida, majivu ni ya kawaida, darubini haioni bua: huyu ni mkulima aliyechelewa kuchuma au aliyeacha maua juani. Anahitaji bwana shamba, si polisi. Dawa imepungua na jivu limepanda, mchanga umebaki katika asidi: hapo kuna la kuulizwa, ijapokuwa bado yawezekana ni uanikaji mbaya tu. Mabua mengi katika darubini hayahitaji maelezo marefu.

ULAGHAI WA MAFUTA

Sasa twende kwenye mafuta, yaliyo nje ya mikono yetu lakini si nje ya mfuko wetu. Katika Vita vya Pili vya Dunia Kenya ilichukua nafasi ya Japani katika biashara ya pareto, na kwa miaka mingi baadaye ilitoa sehemu kubwa ya pareto yote ya ulimwengu. Jina la Kenya lilisimama juu ya usafi. Baadaye, baada ya mwaka 2000, wakulima wengi walikaa bila kulipwa, waking'oa pareto wakapanda viazi, na Australia ikatangulia. Sasa pareto inapandwa tena, na wanunuzi wengi wanaoitafuta ni wale wanaotaka dawa itokanayo na mmea, kwa ajili ya mashamba yasiyotumia kemikali za viwandani. Hawa hulipa vizuri, lakini hupima kila pipa.

Wanapima kwa sababu wataalamu wamejifunza kutengeneza dawa zinazofanana na pareto bila ua hata moja. Mwaka 1949 Wamarekani walitengeneza alethrini. Mwaka 1973 Waingereza wa kituo cha Rothamsted walitengeneza permethrini, ambayo haiharibiki upesi juani. Dawa hizi si haramu zenyewe. Huuzwa kwa majina yao, na hata sisi hupulizia ng'ombe dawa za jamii hii. Ulaghai ni kuzitia katika mafuta ya pareto dhaifu, kisha kuandika juu ya pipa kwamba ni pareto tupu.

Ndipo ilipoonekana ile kasoro ya pili ya zebaki. Alethrini ikivunjwa kwa magadi hutoa asidi ileile inayotolewa na sehemu moja ya pareto. Zebaki haiwezi kuuliza asidi imetoka wapi. Inahesabu tu. Mtu angetia alethrini katika mafuta hafifu, na karatasi ya maabara ingesema mafuta ni mazuri sana.

Siku hizi hutumika njia nyingine, iitwayo kromatografia. Ifikirie hivi. Umefungua boma asubuhi, ng'ombe, kondoo na mbuzi wote wametoka kwa pamoja, wanapita njia moja yenye vichaka kuelekea mtoni. Ng'ombe wanakwenda moja kwa moja. Kondoo wanasimama kidogo penye nyasi. Mbuzi wanasimama kila kichaka. Aliyekaa mtoni na saa mkononi hawaoni wakitoka bomani, lakini kwa wakati wa kufika anajua ni nani, na kwa wingi wao anahesabu. Katika chombo cha kromatografia njia ni mrija mwembamba, na vichaka ni kitu kilichopakwa au kushindiliwa ndani yake. Mafuta kidogo sana husukumwa humo kwa hewa ya namna fulani au kwa kimiminiko, na kila dawa hutoka mwisho wa mrija kwa zamu yake. Chombo huchora mlima mmoja kwa kila dawa, na ukubwa wa mlima ni wingi wake.

Pareto ya kweli huchora milima sita, maana pirethrini si kitu kimoja bali ni ndugu sita: pirethrini ya kwanza na ya pili, sinerini ya kwanza na ya pili, jasmolini ya kwanza na ya pili. Jasmolini ndizo chache kuliko wenzao. Ndugu hawa huja kwa uwiano ambao ua lenyewe limeuweka, na wataalamu wanaujua. Mlima wa saba ukitokea pasipo mahali pake, huyo ni mgeni. Na mtu akijaribu kuikuza sehemu moja ya dawa, zile nyingine hazikui pamoja nayo, uwiano unapinda, na hila inaonekana.

Kuna alama nyingine. Pirethrini za ua zimejengwa kwa vitu vitatu tu: kaboni, hidrojeni na oksijeni. Permethrini ina klorini ndani yake, na dawa nyingine ya jamii hiyo, saipermethrini, ina klorini na naitrojeni pia. Basi klorini ikionekana katika mafuta yanayoitwa pareto tupu, kuna la kueleza. Kipimo cha zamani cha klorini ni waya wa shaba uliochovywa katika kitu kinachochunguzwa na kutiwa motoni: mwali ukigeuka kijani, klorini huenda imo. (Usijaribu nyumbani, moshi wake haufai.) Vyombo vya sasa huona klorini hata ikiwa kidogo mno.

Na kwa shauri gumu kabisa kuna kipimo cha umri wa kaboni. Kila mmea uliokua majuzi una kaboni ya namna ya pekee, kaboni 14, iliyotoka hewani. Mafuta ya petroli yalikaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, na kaboni hiyo imekwisha zamani. Dawa iliyotengenezwa kwa petroli haina. Kipimo hiki ni cha gharama kubwa, nacho si cha kila siku.

MAMBO YANAYOTUHUSU MOJA KWA MOJA

Kwa kuwa vyombo hivi vinaona kidogo sana, mkulima mwaminifu aweza kushikwa na kosa asilolijua. Gunia lililowahi kubeba dawa ya viwandani, hata likikung'utwa, huacha harufu na vumbi lake. Maua yakitiwa humo, mkemia ataona permethrini au nyingineyo. Kadhalika ghala lililopulizwa dawa ya fukusi wa mahindi, na bomba la jirani linalopeperusha dawa ya viazi upande wa pareto yako. Weka magunia ya pareto peke yake. Usiyaazime kwa kazi nyingine, na mama au vijana wanaochuma waambiwe sababu, maana mara nyingi wao ndio wanaolishika gunia kwanza.

Kuhusu wewe kama mnunuzi: ukinunua unga au dawa ya maji iliyoandikwa pareto, tafuta juu ya kibandiko jina la dawa iliyomo, kiasi chake, na namba ya Bodi ya kusimamia dawa za wadudu, yaani PCPB. Ukiona piperonili butoksidi imetajwa, usishtuke; ni kitu kinachoongezwa wazi ili pareto iue kwa nguvu zaidi, ingawa wanunuzi wengine wa mazao yasiyo na kemikali hawaitaki. Pareto tupu ikipulizwa juu ya majani huisha upesi kwa jua. Kama dawa yako inaendelea kuua wadudu juani wiki nyingi, huo si ushahidi kamili, lakini una sababu ya kumwuliza muuzaji.

Na siku ya kupeleka maua, omba sampuli igawanywe sehemu mbili mbele yako, moja ya maabara na moja ibaki katika ofisi ya chama, imefungwa na kutiwa lakiri. Juu yake iandikwe namba yako ya uanachama, tarehe na uzito wa mzigo. Sehemu hiyo ya pili iwekwe gizani, mahali pakavu na pa baridi, mpaka malipo yatoke, ili ikiwa pana ubishi ipelekwe kupimwa tena.